Gurudumu la Mkunga Mzito

Kaeni. Kaeni tu, wimbo wa pili tutauimba siku nyingine.

Mmezoea nikisimama hapa nawaambia mgeukie jirani, mwambie jirani yako hivi, mwambie jirani yako vile, mnacheka kidogo, halafu naanza. Leo sitaki. Leo kila mtu atazame mbele. Nina hasira, ndugu zangu, na sitawaficha. Tangu Alhamisi naomba iniondoke, na kila nikisema amina naikuta palepale nilipoiacha. Nikaona basi, nije nayo. Mkisikia nimepaza sauti msidhani kipaza sauti kimeharibika.

Nitawapa mfano, na mfano wenyewe ni wa baiskeli. Mzee Anaeli, usitabasamu, bado hujausikia.

Kulikuwa na mkunga mmoja katika kijiji cha milimani, kijiji cha tangawizi kama hiki. Msianze kutazamana. Sijasema ni hiki, nimesema kama hiki. Mkunga huyo alikuwa mzito. Alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili, na akikaa kwenye benchi, aliyekaa mwisho wa benchi alihisi ameinuliwa. Kijiji kilimpenda hivyohivyo. Watu walijisifu kwa wageni: mnamwona mkunga wetu? Huku kwetu tunalisha watu! Si mnajua wenyewe? Kwetu mtu akinenepa tunasema ana afya, akikonda tunauliza kulikoni. Ni sifa nzuri, siipingi.

Zahanati ya kijiji ilikuwa chini, na juu kabisa mlimani kulikuwa na kitongoji cha kaya arobaini. Gari lilikuwa linaishia kwenye mashine ya kusaga. Pikipiki ilikuwa inasogea mbele kidogo, inafika kwenye korongo, inakwama, kwa sababu pale daraja lilikuwa magogo mawili yaliyolazwa tu. Pikipiki huwezi kuitia begani ukavuka nayo. Baiskeli unaweza. Kwa hiyo mkunga alikuwa anapanda na baiskeli, anateremka ule mteremko wa mawe mpaka korongoni, anaitia begani, anavuka, anapanda tena upande wa pili, sanduku la vifaa mgongoni. Miaka kumi na tisa. Watoto wote wa kule juu walipokelewa na mikono ile.

Baiskeli yake ya zamani, ya chuma, ilikuja kukatika fremu kwa kutu. Miezi miwili akawa anakwenda kwa miguu, na katika miezi hiyo miwili mama mmoja wa kule juu alijifungua peke yake na mama mkwe, akavuja damu nusura afe. Ndipo kijiji kikasema, hapana, tumnunulie mkunga baiskeli ya milimani, mpya, ya kisasa. Wakachangishana, wakachagua kamati ya watu watatu, na mwenyekiti juu yake.

Shikeni hapo, maana mkiliacha hili mtasinzia. Baiskeli ile haikuwa pambo. Ilikuwa ndiyo njia ya mikono ya mkunga kumfikia mama wa kule juu kabla mambo hayajaharibika. Ikifika, mtu anaishi. Isipofika, mnachimba kaburi.

Kamati ikashuka sokoni pamoja na mkunga mwenyewe, wakaenda kwa fundi wa baiskeli. Fundi akawasalimia vizuri, akawapa vigoda, akauliza, "Wazee wangu, mwendeshaji ni nani?"

"Ni mama yetu huyu."

"Karibu mama, shikamoo. Samahani kwa swali, una kilo ngapi?"

Wajumbe wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Mwenyekiti akasema, "Fundi, wewe umelelewa wapi? Mtu mzima anaulizwa hivyo hadharani?"

Lakini mkunga hakuona aibu. Yule mama kila wiki anapima watoto, mzani anaujua. Akajibu, "Mia na kumi na nane, mwanangu. Nimejipima juzi kwenye mzani wa tangawizi, pale wanapopimia magunia. Na sanduku langu weka kilo kumi na mbili."

Mwenyekiti alishtuka kama ametukanwa yeye. "Mama! Mama, usijidhalilishe. Mkunga wetu apimwe kama gunia? Fundi, huyu mama ana kilo themanini. Andika themanini."

Mmesikia? Mwenye mwili ametaja kilo zake. Mwenye mwili! Kapanda mzani mwenyewe, kasoma mwenyewe. Na mtu mwingine, aliyekaa pembeni na kofia yake, anampunguzia kilo thelathini na nane kwa heshima. Niambieni, zile kilo thelathini na nane zilikwenda wapi? Alizibeba mwenyekiti? Alizitia mfukoni akaondoka nazo? Zilibaki palepale, mwilini mwa mama, zikisubiri gurudumu.

Fundi akasema, "Mzee, mimi siandiki kitu. Mimi nafunga magurudumu, na gurudumu halijui adabu. Ukilidanganya linakunyamazia, siku yake ikifika linasema mbele za watu." Akawatolea baiskeli moja nyeusi, imepauka kidogo, haina mbwembwe. Akawaonyesha: fremu ya chuma, haina springi katikati, kwa sababu springi ile kwa mtu mzito inabonyea tu na kumnyonya nguvu akipanda. Tairi nene. Breki za sahani, za kushika kweli kwenye mteremko. "Na hili gurudumu la nyuma nitalivua," akasema, "nifunge ringi pana yenye spoki thelathini na sita, nene, nizikaze moja moja kwa mkono. Uzito wa mtu unakaa nyuma, wazee. Nipeni siku tatu."

Wajumbe wakaizunguka ile baiskeli. Mmoja akasema, "Mbona kama ya kubebea maziwa?" Mwingine akasema, "Siku ya kukabidhi watakuja wageni, tutapigaje picha na kitu hiki?" Kwenye duka la jirani ilikuwa imening'inizwa nyingine, nyekundu, inang'aa, springi mbele, springi katikati, gia ishirini na moja, na spoki zake chache, nyembamba, zimepangwa kwa madaha. Mtu wa kilo themanini angeipanda miaka mitano. Kwa hiyo kwa hesabu ya mwenyekiti hakukuwa na kosa lolote. Uongo mmoja tu ukiuweka mwanzo, mengine yote yanakuja sawasawa.

Mkunga akasema, "Wazee wangu, nashukuru sana, Mungu awabariki. Lakini hii nyekundu haitanibeba."

Mwenyekiti akamshika bega. Akatabasamu. Akamwambia lile neno ambalo mimi na ninyi tunalipenda kuliko sukari: "Mama, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba."

Na fundi, mtu wa mafuta mikononi, ambaye hata kanisani haonekani sana, akasema, "Kweli mzee, Mungu hampi. Lakini hiyo baiskeli anayeipa mzigo ni wewe."

Msipige makofi. Amina zenu leo sijaziomba.

Wakanunua nyekundu. Mtaniuliza, kwa nini mama hakukataa? Ni swali zuri. Wewe ungekataa? Umeletewa kitu na kijiji kizima, kimefungwa utepe, kwaya imejipanga, wazee wamevaa makoti kwenye jua. Ungesimama useme sikitaki? Kabla jua halijazama ungekuwa umeshaitwa mwenye maringo, asiyeridhika, kapewa kidole anataka mkono. Yule mama alisema sokoni mara mbili, mara ya kwanza kwa kutaja kilo, mara ya pili kwa kutaja baiskeli. Mtu akikwambia mara mbili na hujasikia, usije baadaye ukauliza mbona hukuniambia.

Siku ya kukabidhi mwenyekiti akasema aijaribu kwanza yeye, watu waone uimara wake. Akapanda. Mwenyekiti yule, na koti lake na viatu vyake, alikuwa kilo hamsini na mbili. Akazunguka uwanja wa shule mara tatu, akaruka na kimtaro, akarudi anacheka: "Mnaona? Chuma hiki!" Watu wakashangilia. Yaani mtu mwepesi kuliko wote amekipima kitu cha mzito kuliko wote, na sisi tumeridhika! Hivi ndivyo tunavyofanya au nasema uongo? Tunapima mzigo wa mjane kwa nguvu za mwenye mume. Tunapima njaa ya mwenzetu kwa tumbo lililoshiba. Tunapanda, tunazunguka mara tatu, tunasema mbona nyepesi.

Wiki ya tatu spoki ya kwanza ikakatika. Mkunga akaipeleka kwa mwenyekiti mkononi. Mwenyekiti akaitazama akasema, "Moja tu? Zimebaki ngapi? Ongeza upepo, mama." Mwezi wa pili zikakatika tatu kwa mpigo, na gurudumu likaanza kuyumba. Mkunga akaenda tena, safari hii akawakuta wanakamati wote watatu wamekaa. Mjumbe mmoja akaliangalia gurudumu, akamwangalia mama, akasema, "Mama naye apunguze ugali." Wakacheka. Na waliokuwa wanapita wakacheka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Siku ya kununua, kilo za mama yule zilikuwa siri, zilikuwa aibu, hazitamkiki, kuzitaja ni kukosa malezi. Siku ya kuvunjika, zimekuwa kichekesho cha barazani! Adabu imekwenda wapi? Ile heshima tuliyomheshimu nayo ilikuwa ya nani, ya kwake au ya kwetu? Mzigo wa mtu tunauonea haya wakati ambao kuutaja kungemsaidia, halafu tunaupata mdomoni wakati ambao kuutaja ni kumcheka. Huo si ustaarabu. Mimi sina jina lingine la kuuita ila ukatili uliovaa koti.

Basi ikafika Jumanne moja, saa nne asubuhi, mvua ndiyo imekatika. Kijana mmoja mwanamume akashuka mbio kutoka kitongoji cha juu mpaka zahanati, matope mpaka magotini. "Mama, mke wangu. Uchungu umemshika tangu alfajiri, na mtoto ametanguliza miguu."

Mtoto akitanguliza miguu, akina mama mnajua, si suala la maombi peke yake, ni suala la mikono inayojua. Mkunga hakuuliza swali la pili. Sanduku mgongoni, akapanda ile nyekundu, kijana nyuma yake anakimbia. Kwa baiskeli nzima ni mwendo wa saa moja.

Akafika kwenye ule mteremko wa mawe juu ya korongo. Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma likajikunja kama chapati. Mama akaruka upande, akaangukia mkono wa kulia.

Kijana alipomfikia alimkuta amekaa kwenye tope, anaufunga mkono kwa khanga, ncha moja ameishika kwa meno. Mfupa umevunjika kwenye kiwiko. Kijana akaanza kulia, "Mama, turudi."

"Turudi wapi? Mkeo yuko huku juu. Beba sanduku."

Akayavuka yale magogo amekaa, anajisogeza kidogokidogo kwa makalio, maji yanapita chini. Akapanda mlima kwa miguu na kilo zake zote mia na kumi na nane. Tena leo nazitaja moja moja, maana zile kilo ndizo zilizopanda mlima. Alifika saa nane mchana. Kwa mkono mmoja, na kwa kumwelekeza mama mkwe wa yule binti shika hapa, vuta pole, sasa geuza, akamwokoa mama.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Wakazika kesho yake. Mwenyekiti akapewa nafasi ya kusema neno, si ni kiongozi? Akasimama kando ya kale kashimo kadogo, akavua kofia, akasema, "Ndugu waombolezaji, kazi ya Mungu haina makosa."

Kazi ya Mungu haina makosa!

Nani amesema ina makosa? Kazi ya Mungu haina makosa, nakubali, nitaihubiri mpaka nizikwe. Ya kwetu je? Mungu ndiye aliyesema themanini? Mungu ndiye aliyechagua nyekundu kwa ajili ya picha? Mungu ndiye aliyeambiwa spoki imekatika akasema ongeza upepo? Kila tukiharibu sisi, jina linaloandikwa kaburini ni la kwake. Tunamtumia Mungu kama kitambaa cha kufutia mikono. Mimi nikisikia tena neno hilo kwenye kaburi la mtu tuliyemuua kwa uzembe, jueni nitasimama nilikatae palepale, hata kama aliyelisema ni mzee wa kanisa.

Hamjasikia la mwisho. Wiki iliyofuata kamati ilikaa kikao, ikafungua kwa sala, ikajadili tatizo. Wakajadili sana. Mwishowe mwenyekiti akatoa azimio, na wote wakanyoosha mikono: kijiji kitafute mkunga mwepesi.

Mnacheka. Chekeni. Gurudumu limevunjika, wamebadilisha mtu! Wakaletewa binti mmoja kutoka mjini, mzuri, msomi, kilo arobaini na nane, wakamkabidhi ile ile nyekundu baada ya kunyoosha ringi. Alikwenda nayo mpaka korongoni siku moja. Akayaona yale magogo mawili, akasimama, akatazama maji, akageuza. Mwezi uleule akaomba uhamisho. Baiskeli ikambeba vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba yeye hakumbeba mtu yeyote.

Na mkunga mzito amekaa nyumbani kwake, mkono kwenye khanga. Siku moja akasikia hodi. Akatoka. Ni yule fundi wa sokoni, amepanda mlima kwa miguu, na begani amening'iniza gurudumu. Ringi pana. Spoki thelathini na sita, nene, zimekazwa moja moja.

"Mama, shikamoo. Nimesikia yaliyokupata, nimekuletea hili."

"Marahaba, mwanangu. Umelifunga lini?"

Fundi akainamisha kichwa. "Siku ileile, mama. Uliponitajia kilo zako, ninyi mlipoondoka tu, nililifunga. Nilijua ile nyekundu haitafika mbali, nikasema watarudi. Limening'inia ukutani kwangu miezi mitano. Nilikuwa nasubiri mtu aje kulichukua."

Miezi mitano, ndugu zangu. Gurudumu la kumbeba lilikuwepo. Lilikuwa tayari kabla hata utepe haujakatwa. Mungu hakumpa mama yule mzigo bila kuandaa gurudumu. Aliliandaa, akalitundika kwenye ukuta wa mtu mwenye mafuta mikononi, umbali wa kushuka sokoni tu. Aliyekosekana ni mtu wa kwenda kulichukua.

Mkunga akalishika kwa mkono wa kushoto, akalizungusha. Likazunguka kimya, halikuyumba hata kidogo. Akasema, "Zuri sana, mwanangu." Kisha akauinua mkono wa kulia, akajaribu kuvikunja vidole, visikunjike. "Lakini sasa nitashika breki na nini?"

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa ni zamu yetu.

Mmeshaona kuna mtu hayupo leo. Pale, kiti cha pili, upande wa akina mama, karibu na dirisha. Namsifu. Nimemwomba ruhusa nimtaje, akanijibu, "Nitaje, mchungaji, si ndiyo nilivyotaka tangu mwanzo?" Namsifu anamwuguza mume wake aliyepigwa na kiharusi, mwaka wa tatu huu, mwanamume mzima wa kugeuzwa kitandani asubuhi, mchana na jioni asioze mgongo. Na mama mkwe wake haoni. Na shamba ni lake, na kuosha tangawizi ni yeye.

Mwezi wa pili, siku ya maombi, alisimama hapa mbele. Mlikuwepo. Alisema, "Naelemewa. Naomba watu wa kunisaidia kwa zamu." Zamu! Hakuomba muujiza, ndugu zangu, aliomba zamu. Alipanda mzani mbele yetu akasoma kilo zake kwa sauti.

Sisi tukafanya nini? Tukamzunguka. Tukamwekea mikono kichwani. Nilihesabu baadaye usiku nikiwa sina usingizi: ilikuwa mikono ishirini na kitu juu ya kichwa kimoja, na katika mikono yote hiyo hakuna hata mmoja uliokwenda kumgeuza mumewe kitandani. Hata mmoja! Tukamwambia, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Akakaa. Na Jumapili iliyofuata tukamchagua msimamizi wa chakula cha wageni wa jimbo, kwa sababu gani? Kwa sababu Namsifu ni jembe. Namsifu haangushi. Mlipiga makofi.

Alhamisi ameanguka pale wanapooshea tangawizi. Na Ijumaa, nikiwa njiani kwenda wodini kumwona, nimesimamishwa na watu wawili wa kanisa hili, nawaona mmekaa, sitawataja, mkaniambia, "Naye Namsifu amezidi kujitwika mambo." Punguza ugali, mama! Tofauti iko wapi?

Mnajua tangu Alhamisi nani anamgeuza mumewe? Jirani yake, Mama Mwanaidi, ambaye hata si wa dini hii. Yeye hakuweka mkono kichwani. Ameweka maji jikoni, amefua shuka, na nilipomshukuru kwa niaba ya kanisa alinitazama tu. Natamani angenitukana.

Wodini Namsifu ameniangalia, mdomo umepinda kidogo upande mmoja, akaniambia maneno mawili. Alisema, "Nilisema, mchungaji."

Nilisema.

Sasa mnakaa mnajiuliza katika mfano ule mwenyekiti ni nani. Wengine mmeshamtafuta kwa macho, mmempata, mmemwekea na kofia. Acheni kutafuta. Aliyemshika bega Namsifu siku ile, akatabasamu, akamwambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, alikuwa amesimama hapahapa, na kanzu hii hii. Mwenyekiti ni mimi. Themanini nimeisema mimi. Hii hasira mnayoisikia tangu asubuhi, sehemu yake kubwa hainyooshi kidole huko mliko.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Mikono imetosha. Nitakuwa nakwenda kwa Namsifu, na zamu ya leo mchana na ya kesho ni yangu. Mama Mwanaidi ameshanifundisha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Atakayenifuata anifuate. Atakayebaki asinitumie salamu wala asiniambie atamkumbuka kwenye maombi.

Lakini kabla hatujatoka. Wapo humu ndani wengine ambao gurudumu lao linayumba sasa hivi, wamevaa vizuri, wamepaka mafuta, na ukiwauliza hujambo watakujibu sijambo, tunamshukuru Mungu. Nilisema leo sitawaambia mgeukie jirani. Nimebadili. Mgeukie. Mwangalie usoni. Usimwulize hujambo. Mwulize ana kilo ngapi. Na akikutajia, wewe mwana wa watu, usimpunguzie hata moja.